Asili ya Jina "Rift Valley", na Ushahidi Wake Huko Lyulilo



Leo nataka kuwaeleza habari za jina moja la Kiingereza ambalo kila mtoto aliyefundishwa jiografia amelikuta katika ramani, nalo ni "Rift Valley". Sisi kwa Kiswahili tumezoea kusema Bonde la Ufa. Ni maneno mawili ya kawaida, tena ya zamani, yaliyounganishwa na mtaalamu mmoja yakawa jina la elimu, na tangu hapo yamezunguka dunia nzima. Nitalieleza huku nikiwapeleka mara kwa mara mpaka Lyulilo, kijiji kilichoko katika pembe ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, wilaya ya Kyela. Sababu yangu ni kwamba pale jambo lenyewe huonekana kwa macho, na pale pale jina lake huweza kumpoteza mtu.

Asiyepajua Lyulilo na apafikirie hivi. Upande wa magharibi na kaskazini kuna uwanda wa Kyela, nchi ya tambarare yenye mpunga, migomba na mikakao, ambako mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka ikiingia ziwani. Lakini ukifika Matema na kuendelea kidogo kwa mashariki, uwanda huisha ghafula kana kwamba umekatwa kwa panga. Hapo husimama milima ambayo Wazungu waliiita kwa jina la Livingstone, mirefu na mikali, na mgongo wake unapita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Lyulilo iko chini yake kabisa, kati ya mlima na maji. Huko ndiko vyungu vya wanawake wa Kikisi wa Ikombe huletwa kwa mitumbwi siku ya soko, kwa maana njia ya nchi kavu katika ukingo ule ni taabu tupu.

Sasa mwanafunzi aliyesoma kwamba Ziwa Nyasa limo katika Bonde la Ufa akisimama pale Lyulilo, ana haki ya kuuliza maswali mawili. Bonde liko wapi, nami naona maji? Na ufa uko wapi, nami naona mlima? Maswali hayo si ya kipumbavu. Wataalamu wakubwa wamebishana juu yake kwa miaka mingi.

Kwanza tutazame jinsi jina lilivyojengwa. Kiswahili hutanguliza kitu chenyewe, kisha hueleza ni cha namna gani: chungu cha udongo, mtumbwi wa mti, bonde la ufa. Kiingereza hufanya kinyume. Neno la mwisho ndilo kitu chenyewe, na lililotangulia ni sifa yake. Kwa hiyo jina la namna hii husomwa kutoka mkiani. Katika "Rift Valley" kitu kinachotajwa ni "valley", yaani bonde, na "rift" ni neno la kutuambia ni bonde la aina gani. Mwanafunzi akilishika jambo hili atafungua majina mengi ya elimu bila kumwuliza mtu.

Neno "rift" si la Waingereza wa asili. Lililetwa na watu wa kaskazini, mabaharia wa nchi za Denmark na Norwei, ambao tangu mwisho wa karne ya 8 walivuka bahari kwa mashua zao ndefu, wakaishambulia Uingereza, na baadaye wakakaa na kuoa huko. Waliacha maneno mengi katika Kiingereza, hata ya vitu vya kila siku kama yai, ngozi na mbingu, kama vile sisi tulivyopokea "samaki" na "kitabu" kwa Waarabu, "meza" kwa Wareno, na "shule" kwa Wadachi. Katika lugha yao kulikuwa na neno la kupasua au kurarua, kama mtu araruavyo nguo au apasuavyo gogo. Kutoka kwa kitendo hicho likapatikana jina la mahali palipopasuka. Kumbukeni maana hii ya kurarua, maana tutaihitaji mbele.

"Valley" ilikuja kwa njia nyingine. Ni neno la Kilatini, lugha ya Warumi, likapita katika Kifaransa cha kale, likaingia Uingereza pamoja na wale walioiteka nchi hiyo mwaka 1066. Kwa hiyo jina hili ni ndoa ya maneno ya washindi wawili, na Mwingereza wa leo hulitamka asijue kwamba hakuna hata nusu yake iliyo ya babu zake wa kwanza.

Aliyefunga ndoa hiyo ni John Walter Gregory. Alizaliwa London mwaka 1864, akawa mtaalamu wa miamba katika jumba la makumbusho la huko. Mwaka 1893 alitoka Mombasa pamoja na wapagazi wa pwani, akasafiri kwa miguu mpaka Naivasha, Baringo na mlima wa Kenya, akivunja mawe kwa nyundo yake kila alipopita. Mwaka 1894 alilitoa jina hilo katika maandiko yake, na mwaka 1896 akachapisha kitabu kikubwa alichokiita kwa jina hilo hilo. Alirudi Afrika Mashariki mara ya pili mwaka 1919. Mwisho wake ulikuwa wa majini: mwaka 1932, akiwa mzee wa miaka 68, mtumbwi wake ulipinduka katika mto wa Urubamba huko Peru, akafa maji.

Lakini Gregory hakuwa wa kwanza kulitambua jambo lenyewe. Miaka michache kabla yake, Eduard Suess, profesa wa mji wa Vienna, alikuwa amepokea habari na vipande vya miamba vilivyoletwa na Teleki na von Höhnel, wasafiri waliolifikia ziwa la Turkana mwaka 1888. Suess hakupata kufika nchi zetu hata siku moja. Alikaa mezani kwake, akazipanga habari za wasafiri, na mwaka 1891 akaandika kwamba mabonde haya ya Afrika ya Mashariki ni mavunjiko ya nchi yenye asili moja. Yeye aliandika Kidachi, akatumia neno la lugha hiyo, "Graben", maana yake handaki au mtaro. Neno hilo lina kasoro yake, maana mtaro huchimbwa na mtu au na maji, na bonde hili halikuchimbwa na yeyote. Wataalamu wa miamba wa lugha zote wanalitumia hata leo.

Gregory alitaka neno la Kiingereza. Akaeleza wazi kwamba kwa "rift" hakusudii mwanya mtupu uliofunguka kama kinywa. Alikusudia ukanda mwembamba wa nchi ambao umedidimia kati ya mikato miwili iendayo sambamba. Hapo ndipo penye siri ya jina zima, na ndipo wengi walipojikwaa. Mwingereza wa kawaida akisikia "rift" huona ufa. Mtaalamu akiliandika huona sakafu iliyoshuka. Sisi tulipotafsiri tukashika maana ya yule Mwingereza wa kawaida.

Walimu wanaweza kulionyesha jambo hili kwa muhogo mmoja mbichi. Ulaze mezani, uukate mahali pawili kwa mshazari, hata kipande cha katikati kiwe kipana juu na chembamba chini. Vishikilie vipande vyote pamoja hewani. Kisha vivute polepole vile vya pembeni, kimoja kulia na kimoja kushoto. Kipande cha katikati kitateleza na kushuka kati ya wenzake. Hicho ndicho alichokisema Gregory. Hakuna shimo lililobaki wazi kati ya vipande. Nafasi ilipozidi kupanuka, ndivyo kile cha katikati kilivyozidi kushuka ili kuijaza.

Huenda mtu akasema, "Bwana, mbona mabonde yote huchimbwa na mito? Kwa nini hili lisiwe kazi ya mto?" Ni swali zuri, na jibu lake liko ndani ya Ziwa Nyasa. Uso wa ziwa hili uko juu ya usawa wa bahari kwa mita 474 hivi. Mahali penye kina kirefu kuliko pote, kutoka usoni mpaka chini ni karibu mita 700. Fanyeni hesabu. Chini ya ziwa ni zaidi ya mita 200 chini ya usawa wa bahari, ingawa bahari yenyewe iko mbali sana. Mto hushuka kuelekea baharini, nao hauwezi kuchimba nchi mpaka iwe chini kuliko bahari unayoiendea. Maji ya Nyasa hutoka kwa mto Shire, yakaingia Zambezi, na Zambezi huingia baharini. Mto wa namna hiyo haukuweza kamwe kuchimba shimo kama lile. Basi nchi ilishuka.

Tena ile sakafu tunayoipima kwa kamba siyo sakafu yenyewe. Ni matope. Mito kama hiyo ya Kyela imekuwa ikileta udongo kwa mamilioni ya miaka, nao umerundikana chini ya sehemu ya kaskazini ya ziwa kwa unene unaopita kilomita 4. Uwanda wa Kyela wenyewe, wenye rutuba inayosifiwa, ni udongo wa namna hiyo hiyo uliojaza pembe ya shimo. Mkulima wa mpunga wa huko analima juu ya kifusi cha milima ya Rungwe na Uporoto.

Nilisema wataalamu walibishana. Baada ya mwaka 1919 Uganda ilikuwa na idara ya uchunguzi wa miamba, na mkuu wake, E. J. Wayland, alipolichunguza bonde la ziwa la Albert hakukubali kwamba nchi ilivutwa. Alisema ilisukumwa kutoka pande mbili, hata kingo zikapanda juu na kuikandamiza sakafu chini. Kama yeye ndiye mwenye haki, basi "rift" ni jina la uwongo, kwa kuwa hakuna kilichoraruka, kimebanwa. Mwaka 1933 na 1934 Mwingereza mwingine, Bullard, alipima nguvu ya mvuto wa nchi katika Afrika ya Mashariki, na hesabu zake zilielekea kumwunga mkono Wayland. Kwa muda jina likawa kama mtu aliyeshitakiwa.

Hukumu ilitoka miaka mingi baadaye. Katika miaka ya 1960 wataalamu walithibitisha kwamba gamba la dunia limegawanyika katika mabamba makubwa yanayosogea polepole, na siku hizi mwendo huo hupimwa kwa vyombo vinavyopokea ishara za setilaiti. Upande wa mashariki wa Afrika unaachana na sehemu nyingine ya bara. Huku kwetu kaskazini ya Nyasa mwendo ni milimita chache tu kwa mwaka, pungufu ya ukuaji wa ukucha wa kidole. Lakini ni mwendo wa kuvutana, si wa kusukumana. Hivyo ile maana ya kale ya mabaharia wa kaskazini, kurarua, ambayo Gregory hakuikaza sana, ndiyo iliyokuja kuonekana kuwa kweli kabisa. Nadhani hilo ni jambo la kufurahisha kuliko yote katika habari ya jina hili: neno lilijua zaidi ya aliyelichagua.

Turudi sasa Lyulilo. Ule muhogo wetu una mikato miwili iliyo sawa, nao husaidia kuanza. Nchi yenyewe haikukatika kwa usawa huo. Anga likiwa safi, mtu wa Lyulilo akitazama ng'ambo kuelekea Karonga katika nchi ya Malawi, haoni upande wa pili ukuta kama huu wa kwake. Nchi ya kule hupanda polepole. Mkato mkubwa uko upande mmoja tu, chini ya milima ya Livingstone, na sakafu ya ziwa imeinama kama kifuniko cha sanduku kilichobonyea ndani: bawaba iko upande wa Karonga, na ncha iliyozama iko upande wa Lyulilo. Kwa hiyo miamba ile ile iliyo juu ya milima, ambako Wakinga wana mashamba yao, iko pia chini ya ziwa, kilomita kadhaa chini, imefunikwa na matope na maji. Yule mwanafunzi aliyeuliza ufa uko wapi, jibu lake ni kwamba mlima anaoutazama ndio ukingo wa ufa, nao umesimama wazi kwa sababu upande wa pili umezama. Bonde lake limejaa maji, ndiyo maana halioni.

Hata jina la ziwa lina mchezo wake. "Nyasa" katika lugha ya Wayao na jamaa zao ni ziwa tu, maji makubwa. Livingstone alipofika mwaka 1859 aliuliza jina, akaambiwa hivyo, akaliandika. Tangu hapo tunasema Ziwa Nyasa, yaani Ziwa Ziwa. Lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.

Naomba sasa niseme kwa nini nimejishughulisha na maana ya neno moja kiasi hiki. Mwezi wa Machi mwaka 2018, baada ya mvua kubwa, korongo refu lilifunguka katika nchi ya Kenya, karibu na Mai Mahiu, likakata barabara iendayo Narok. Picha zake zilienea duniani kote, na magazeti mengi yakaandika kwamba Afrika inapasuka vipande viwili mbele ya macho ya watu. Wengi waliingiwa na hofu. Wataalamu wa miamba walipoeleza, walisema kazi kubwa ilifanywa na maji ya mvua, yaliyosomba majivu laini ya volkano yaliyokuwa chini ya udongo. Wako waliosema huenda majivu hayo yalijaza mkato wa zamani. Lakini nchi haikuwa imeachana siku ile kwa upana ule. Nani aliyewafundisha watu kuona korongo na kudhani ni mwisho wa bara? Kwa sehemu kubwa ni jina. Mtu aliyekariri "ufa" tangu shuleni akiona ufa anadhani amekiona kile alichofundishwa.

Hofu ya kumezwa na nchi ina madhara mengine: humfanya mtu aangalie mahali pasipo na hatari. Hatari ya kweli ya bonde hili ni tetemeko, na tetemeko huua kwa nyumba zinazoanguka na mawe yanayoporomoka mlimani. Tarehe 13 Desemba 1910 nchi ya Rukwa ilitikiswa na tetemeko ambalo ni miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopata kupimwa katika Afrika ya Mashariki. Mwezi wa Desemba mwaka 2009 ilikuwa zamu ya Karonga, ng'ambo ya Kyela. Kwa majuma kadhaa nchi ilitetemeka tena na tena, na mara ya tarehe 19 ilifikia kipimo cha 6. Watu walikufa, na maelfu wakaziacha nyumba zao. Na jambo la ajabu, mkato ule mkubwa wa Livingstone haukuhusika. Iliyoteleza ni mikato midogo ya upande wa bawaba, upande ule wa mteremko mpole ambao kwa kuutazama hakuna angeudhania. Jina letu linasema ufa, umoja. Nchi yenyewe ina nyufa nyingi, na zile zilizofichwa chini ya mashamba si salama kuliko ile iliyosimama kama ukuta.

Kama ningeulizwa siku ile tafsiri ilipotungwa, ningependekeza Bonde la Mdidimio, maana kudidimia ndiko Gregory alikokutaja. Lakini hakuna aliyeniuliza, na Bonde la Ufa limekwisha kuota mizizi. Kenya ilikuwa hata na mkoa wenye jina hilo mpaka mwaka 2013. Sioni faida ya kulifukuza. Mwalimu mwenye muhogo mmoja na kisu atafanya kazi bora kuliko mimi nikiwa na jina jipya.

Baada ya mitetemo ya Karonga, kati ya mwaka 2013 na 2015, wataalamu walileta mashine za kuandika mitetemo, wakaziweka nchi kavu pande zote mbili za mpaka, Tanzania na Malawi, na nyingine wakazizamisha chini ya ziwa lenyewe. Mashine hizo ziliandika mitetemo midogo isiyohesabika ambayo binadamu hawezi kuihisi, mingine ikitoka kilomita 30 chini ya ardhi. Usiku mtu wa Lyulilo akiwa amelala na mitumbwi imefungwa ufukweni, milima na ziwa vinaendelea kuachana.